Kina cha maji kwenye sampu: kipange ukiwa umezima pampu

Sampu ni tangi lenye vyumba linalokaa chini ya tangi la samaki wa maji ya chumvi: maji yanashuka humo, na pampu inayapandisha tena juu. Wengi hujaza sampu pampu ikiwa inafanya kazi, wakaona maji yametulia, wakaenda kulala. Mimi tangi langu la kwanza lilinifundisha saa tisa usiku. Umeme ulikatika, na aliyeniamsha ni jirani wa chini akigonga mlango: dari lake lilikuwa linadondosha maji ya chumvi.

Kazi yote hii ifanye kwa maji ya bomba, kabla ya chumvi, mawe wala samaki.

Hatua ya 1: Hesabu maji yatakayoshuka. Tangi la juu likiwa na urefu wa sm 120 na upana wa sm 50, kila sentimita ya maji ni lita 6. Pampu ikizimwa, bomba linalopandisha maji linageuka kuwa kama ule mpira wa kufyonzea mafuta ya taa: linavuta maji kurudi chini mpaka mdomo wake upate hewa. Mdomo ukiwa umezama sm 5, lita 30 zinashuka, na katika sampu ya sm 75 kwa 35 maji yanapanda zaidi ya sm 11! Inua mdomo ubaki sm 2 tu chini ya maji, nazo zinakuwa lita 12, kama sm 4.5. Kisha toboa tundu la mm 5 kwenye bomba, chini kidogo tu ya usawa wa maji, liingize hewa mapema. Valvu ya kuzuia maji yasirudi siitegemei. Konokono mmoja au punje ya mchanga inatosha kuifanya isifunge.

Hatua ya 2: Washa, uangalie chumba cha pampu. Chumba cha skima, kile kifaa kinachotoa uchafu kwa vipovu, kinashikiliwa na ukuta wa kioo, kina chake hakibadiliki. Kama skima imezama mno, iwekee kitu cha kuinyanyulia. Kinachopanda na kushuka ni chumba cha pampu, na humo ndimo utakamoongeza au kupunguza maji.

Hatua ya 3: Chomoa plagi. Subiri. Utasikia bomba likikoroma, glu-glu-glu, halafu kimya. Usiondoke bado, maji ya kwenye mabomba na kisanduku cha kumwagikia (ndimo maji ya tangi la juu huingia kabla ya kushuka) yanaendelea kuchuruzika. Yakitulia, kati ya maji na ukingo wa sampu zibaki angalau sm 3. Zisipobaki, chota kwa kikombe. Ukiridhika, washa tena, subiri maji yatulie, bandika utepe mwekundu kwenye kioo cha chumba cha pampu. Huo ndio mwisho wako wa juu.

Hatua ya 4: Ziba bomba la kushushia maji. Watu huiruka hii. Tumia kitambaa, na mkono uwe karibu na swichi. Pampu itapandisha maji yote ya chumba chake mpaka ianze kuvuta hewa. Chumba cha sm 25 kwa 35 chenye sm 10 za maji juu ya mdomo wa pampu kina karibu lita 9, yaani tangi la juu litapanda sm 1.5. Likifurika, maji ya chumba cha pampu ni mengi mno: punguza, shusha utepe.

Hatua ya 5: Tafuta mwisho wa chini. Chota taratibu mpaka vipovu kama vya soda vianze kutoka tangi la juu. Weka utepe wa pili sm 3 juu ya hapo, kisha rudisha maji.

Maji yanayopotea kwa mvuke fidia kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke. Ongeza maji hayo wakati pampu inafanya kazi, na usivuke utepe mwekundu hata kama unasafiri wikendi nzima. Ukibadilisha pampu au ukiongeza mawe ndani ya sampu, rudia kuanzia hatua ya 3.

Na lile tundu la mm 5, mwani hulipenda sana. Mimi hulizibua kwa kijiti cha meno kila Jumamosi.