Kabla ya Kwenda Kupima Chuma Kilichozidi Mwilini

Dar ukisema umechoka, jibu ni moja: huna damu. Utaelekezwa juisi ya rozela, maini, au vidonge vya kuongeza damu kutoka duka la dawa la mtaani. Mara nyingi wanaokushauri hawakosei. Ila wapo wachache ambao chuma kimewajaa, na mwili hauna njia ya kukitoa. Hupoteza miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Kinachozidi hujikusanya kwenye ini, kongosho, moyo na maungio ya mifupa.

Kwa hiyo kabla hujakaa mbele ya tabibu, weka kando vidonge ulivyojinunulia mwenyewe, pamoja na vitamini C ya vidonge, kwani huufanya utumbo unyonye chuma zaidi. Mjamzito aliyepewa vyake kliniki asiviache.

Kazi kubwa ni kuulizia ukoo, na mwanzo wake ni kumkalisha shangazi kitako. Nani aliugua ini bila kuonja pombe? Nani alipata kisukari huku ngozi ikigeuka kama shaba? Aina ya kurithi ya ugonjwa huu wa chuma kujaa inayojulikana zaidi, ambayo jeni yake iligunduliwa mwaka 1996, iko hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, na mtu huugua akiirithi kwa baba na kwa mama. Kila ndugu wa tumbo moja na mgonjwa ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa nayo kama yeye. Kwetu chuma hujaa zaidi kwa damu ya kuongezewa: uniti moja hubeba miligramu 200 hadi 250. Mwenye selimundu ahesabu uniti alizowahi kupewa, azitaje.

Taja pia yale ya aibu. Mwanaume akipungukiwa nguvu za kiume hukimbilia supu ya pweza badala ya zahanati, kumbe hiyo ni mojawapo ya dalili. Nyingine ni maumivu ya fundo za kidole cha shahada na cha kati. Wanawake hugundulika wamechelewa, kwa sababu hedhi huwapunguzia chuma kila mwezi.

Usikubali kupimwa wingi wa damu peke yake. Unaweza kuwa wa kawaida kabisa. Ulizia feritini, protini inayohifadhi chuma, na kiwango cha transferini (protini inayokisafirisha kwenye damu) iliyobeba chuma, asubuhi kabla ya kula, na si siku una homa, kwa sababu maambukizi yoyote hupandisha feritini. Pombe nayo huipandisha. Kiwango hicho cha transferini kikivuka asilimia 45, na feritini mikrogramu 300 kwa lita kwa mwanaume au 200 kwa mwanamke, uchunguzi uendelee. Feritini ikivuka 1000, ini lichunguzwe kama limeanza kupata makovu.

Tiba ya aina ya kurithi ni kutolewa damu, karibu nusu lita kila wiki, hadi feritini ishuke kwenye 50, kisha mara chache kwa mwaka. Mgonjwa wa selimundu kwa kawaida hupewa dawa za kuvuta chuma, maana damu yenyewe anaihitaji. Nyama si lazima uiache. Chaza wabichi waache kabisa, wana bakteria wanaostawi kwenye chuma kingi.

Siku ya kutolewa damu kula vizuri, kunywa maji, na usipange kurudi Mbagala umesimama kwenye daladala.