SOMO: Siku nzima na mshipi Ziwa Tanganyika

Ukitaja uvuvi Kigoma, watu hufikiria dagaa: taa ziwani usiku wa giza na vichanja vya kuanikia asubuhi. Ile ni kazi. Somo hili ni la mwenye siku moja ya mapumziko na hamu ya kukaa juu ya maji na mshipi, yaani uzi wa kuvulia wenye ndoana.

Hatua ya 1: Siku. Uliza kwanza mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, kama ziwa liko wazi kwa uvuvi. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Isitoshe, kiangazi upepo wa kusini mashariki huinua mawimbi ambayo mtumbwi mdogo hauyawezi.

Hatua ya 2: Vifaa. Mshipi, ndoana za kati, vipande vya risasi, dagaa wabichi wa chambo, kofia, maji ya kunywa. Jaketi la kuokolea maisha si hiari.

Hatua ya 3: Mtumbwi. Kodi pamoja na mwenyewe, kwenye mialo ya Katonga au Kibirizi, na muondoke alfajiri. Yeye anaijua miamba iliyo chini. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi panapozidi, na sehemu nyingi chini huporomoka karibu tu na ufuko, kwa hiyo huhitaji kwenda mbali.

Hatua ya 4: Kushusha mshipi. Hapa ndipo utamu ulipo, usiharakishe. Achia mshipi taratibu mpaka risasi iguse chini, utausikia ukilegea. Pandisha pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kisha uulaze juu ya kidole cha shahada. Sasa tulia. Baada ya muda kidole kinaanza kutofautisha: huu ni mkondo, hii risasi inakwaruza jiwe, huyu mdogo anadonoa chambo tu. Akija kuhe, yule samaki mkubwa wa ziwa hili, huulizi, mkono wote unavutwa. Mpe kidogo, vuta kidogo, usimkaripie kwa nguvu kwa sababu mdomo utachanika. Kati ya samaki mmoja na mwingine kuna saa nzima ya kutazama milima ya Kongo ikijitokeza ukunguni na kupiga soga na mwenye mtumbwi. Kwangu saa hiyo ndiyo siku yenyewe. Simu iache nyumbani.

Hatua ya 5: Kula. Rudini kabla upepo wa mchana haujachacha. Samaki mbichi, chumvi, ndimu, makaa. Ukipenda mchuzi, tia mawese, na ugali uwe wa muhogo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, kwa ndoana moja tu nahitaji leseni?*
Ndiyo, pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri kabla ya siku yenyewe. Viongozi wa mwalo watakuelekeza. Na maji ya Hifadhi ya Gombe usiyaguse.

*Kaka, mke wangu hajui kuogelea na anaogopa mtumbwi. Tubaki nyumbani?*
La, shemeji aje. Kaeni mwambani, mrushe mshipi kutoka nchi kavu. Vijisamaki vya miambani vitamchangamsha. Epukeni midomo ya mito, hasa Malagarasi, kuna mamba.

*Nasikia kuhe akiwa na vifaranga asivuliwe. Ni mila au kuna sababu?*
Sababu ipo. Katika jamii ya perege na sato, kuhe ndiye mkubwa kuliko wote duniani, na dume na jike hulinda vifaranga pamoja. Ukimtoa mzazi, kundi lile huliwa. Ukimwona na kundi lake kwenye maji ya kina kifupi, sogeza mtumbwi.

*Mimi niko Tabora, ziwa liko mbali. Nifanyeje?*
Ndugu, jaribu Bwawa la Igombe. Limekuwa chanzo cha maji ya mji, kwa hiyo omba ruhusa kwanza na usiache taka. Huko tumia minyoo badala ya dagaa, ndoana ndogo na kipande cha boya juu. Perege wanauma asubuhi. Kambale msubiri jua likishuka.