Kuunganisha nguo za joto na umeme wa pikipiki

Juzi nilishinda na rafiki yangu tukitafuta kwa nini koti lake la joto linakuwa vuguvugu tu, na kila tukipima tunaona umeme upo. Naandika ili mwingine asipoteze siku nzima kama sisi. Nazungumzia nguo za volti 12 zinazochomekwa kwenye pikipiki, si zile zinazobeba betri zake mfukoni.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya wati

Koti hula kati ya wati 75 na 100, glavu mbili wati 25 hivi, suruali 40 na ushei. Gawanya wati kwa volti upate ampea: wati 100 kwa volti 13 ni karibu ampea 8. Kitabu cha pikipiki hutaja wati zinazozalishwa, lakini hizo ni za injini ikizunguka kwa kasi. Ukiwa umesimama kwenye foleni ni chache zaidi. Toa zinazoliwa na taa, mfumo wa kuwashia injini na pampu ya mafuta. Kama pikipiki ni ndogo na hakuna kinachobaki, vaa glavu peke yake.

Hatua ya 2: Waya mwekundu, fyuzi na relei

Tumia waya wa milimita mraba 2.5, moja kwa moja kutoka chanya ya betri. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya, na kipande kilicho kabla ya fyuzi hakilindwi na chochote. Ampea 10 inatosha koti. Koti pamoja na glavu, weka 15.

Relei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, na miguu yake ina namba: 30 kutoka kwenye fyuzi, 87 kwenda kwenye plagi, 86 kwenye chanya ya taa ya nyuma, 85 kwenye hasi. Ukizima swichi ya ufunguo, nguo nazo zinazimika.

Vile vibanio vya plastiki vinavyouma waya juu ya ganda siviweki kwenye pikipiki yoyote. Na viungo vibane kwa koleo lake badala ya kuvilehemu, kwani mtetemo hukata waya pale risasi inapoishia.

Hatua ya 3: Waya mweusi

Hapa ndipo siku yetu ilipoishia. Tulipima kwenye plagi, koti likiwa halijachomekwa: volti 12.6, sawasawa na betri. Tukalishuku koti. Tukaliunganisha na betri moja kwa moja, likapata moto vizuri. Tukabadili relei, tukabadili fyuzi, tukaufungua waya mwekundu wote. Kumbe kisa ni skrubu moja. Waya mweusi, yaani wa hasi, rafiki yangu alikuwa ameufunga kwenye fremu, juu ya rangi.

Multimita, kile kipimo cha umeme, haivuti umeme wa maana, kwa hiyo kiungo kibovu mbele yake huonekana kizima. Koti likianza kuvuta ampea 7 au 8, ukinzani wa omu 0.3 pale kwenye skrubu humeza zaidi ya volti 2. Joto la koti hufuata mraba wa volti, hivyo volti zikishuka kutoka 13.8 hadi 11.6 umepoteza karibu asilimia 30 ya joto, na wati 15 hivi zinaichemsha skrubu bure.

Basi pima hivi, koti likiwa limechomekwa na kuwashwa hadi mwisho. Ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye hasi ya plagi. Ukiona zaidi ya volti 0.2, kuna kiungo kibovu njiani. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya. Kidhibiti joto, kile cha kuongeza na kupunguza joto la koti, kisiachwe kwenye kiwango cha kati, maana hapo huwasha na kuzima umeme haraka haraka na namba zitaruka tu.

Wapo mafundi watakaokwambia kwaruza rangi, funga kwenye fremu, imetosha. Itafanya kazi mpaka kutu iingie. Mimi waya mweusi naurudisha kwenye hasi ya betri kila mara, unene uleule wa waya mwekundu.

Hatua ya 4: Plagi

Upande wa pikipiki, pini iliyo wazi iwe hasi, chanya ijifiche ndani ya plastiki. Plagi ichomoke yenyewe ukishuka ukiwa umesahau. Usitumie yenye kufuli.

Hatua ya 5: Jaribio la mwisho

Washa injini, taa na nguo zote, shika mwendo wako wa kawaida wa injini, kisha pima kwenye betri. Volti 13.2 kwenda juu, safiri. Zikishuka chini ya 12.8, betri inaliwa: punguza kidhibiti au acha suruali nyumbani. Koti livae juu ya shati jepesi, lisiguse ngozi.