Picha haipandi kwenye seva: pa kuangalia kabla ya kukimbilia chmod 777 (amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote)

Kwenye laptop mfumo unapokea picha bila shida. Ukishauhamishia kwenye seva, karani wa ushirika kule Hombolo anapiga picha stakabadhi ya mzani wa zabibu, anabonyeza Pakia, anakutana na 500, yaani kosa la ndani ya seva. Kwenye laptop programu inaendeshwa na wewe mwenye folda. Kwenye seva inaendeshwa na mtumiaji mwingine, `www-data` kwa Ubuntu na Debian, na huyo hana chake kwenye folda zako.

Hapa tuchukulie Laravel (fremu ya PHP), Nginx (seva ya wavuti) na PHP-FPM (inayoendesha msimbo wa PHP) juu ya Ubuntu, mfumo uko `/var/www/zabibu`, nawe unaingia kama `msimamizi`.

Hakikisha kwanza kwamba ni ruhusa kweli. Kosa la 413 ni la ukubwa: Nginx isipoelekezwa vingine hupokea MB 1 tu, na picha za simu nyingi za sasa zinapita hapo. Weka `client_max_body_size 12m;`, kisha kwenye `php.ini` pandisha `upload_max_filesize` (huanzia 2M) na `post_max_size` (8M), hii ya pili ikiizidi ya kwanza. Washa upya Nginx na PHP-FPM. Diski iliyojaa nayo huleta makosa ya kuandika, kwa hiyo pitisha `df -h` na pia `df -i`, maana inodi (nafasi za kuorodhesha mafaili) zinaweza kuisha huku nafasi ya diski ikiwepo.

Logi ikisema `Permission denied`, umefika penyewe. Na ukikuta `storage/logs` haina kitu kabisa, hiyo tayari ni dalili: Laravel imeshindwa kuandika hata malalamiko yake.

Sasa mjue anayeandika:

`ps aux | grep php-fpm`

Mstari wa `master` ni wa root (mtumiaji mkuu wa seva), usikuchanganye. Tazama ile ya `pool`. Kwa AlmaLinux na Rocky (Linux za familia ya Red Hat) utakuta `apache`, hata kama unatumia Nginx.

Kisha jivike uhusika wake:

`sudo -u www-data touch /var/www/zabibu/storage/app/public/jaribu`

Ikikataa, usiguse chochote bado. Pima njia nzima:

`namei -l /var/www/zabibu/storage/app/public`

Amri hii inaonyesha kila folda tangu `/` hadi mwisho, pamoja na ruhusa na mmiliki wake. Wengi hukagua folda ya mwisho tu, wakati mlango umefungwa katikati. Mfano wa kawaida ni mfumo uliowekwa chini ya `/home`:

```
drwxr-xr-x root      root      home
drwxr-x--- msimamizi msimamizi msimamizi
```

Vistari vitatu vya mwisho ndivyo vinavyomzuia `www-data` kupita. Tangu Ubuntu 21.04 folda mpya za nyumbani huundwa hivyo, na 777 huko ndani haisaidii kitu. Hamishia mfumo `/var/www`.

Kama njia iko wazi, rekebisha umiliki wa sehemu mbili tu zinazoandikwa:

```
cd /var/www/zabibu
sudo usermod -aG www-data msimamizi
sudo chown -R msimamizi:www-data storage bootstrap/cache
sudo find storage bootstrap/cache -type d -exec chmod 2775 {} +
sudo find storage bootstrap/cache -type f -exec chmod 664 {} +
```

Ile 2 ya mwanzo inafanya kila faili jipya lirithi kundi la folda. Bila hiyo, faili utakalounda wewe litakuwa na kundi lako, na tatizo litarudi. Toka SSH uingie tena ili kundi jipya likutambue. Msimbo uliobaki usimruhusu `www-data` kuandika: akipenya mtu kupitia fomu, asiweze kubadilisha programu yenyewe. Hapo ndipo 777 inapokugharimu, kwa sababu inamfungulia kila mtumiaji wa seva.

Picha zimepanda ila kivinjari kinaleta 404 (haijapatikana)? Hiyo mara nyingi ni `php artisan storage:link` iliyosahaulika, amri inayounganisha folda ya picha na ile ya wavuti.

Kwa AlmaLinux, ruhusa zikiwa sawa na bado inakataa, mara nyingi ni SELinux, ulinzi wa ziada juu ya ruhusa za kawaida:

```
sudo semanage fcontext -a -t httpd_sys_rw_content_t "/var/www/zabibu/storage(/.*)?"
sudo restorecon -Rv /var/www/zabibu/storage
```

Kuizima kabisa ni uvivu.

Ikiwa ilifanya kazi jana na leo imegoma, tafuta mkono wa root:

`find storage -user root`

Kuna aliyeendesha `sudo php artisan` au `sudo git pull`, au kazi ya cron (kazi inayojiendesha kwa ratiba) iko kwa root na usiku wa manane imefungua logi mpya ya siku kwa jina la root. Rudisha umiliki, kisha ihamishe cron: `sudo crontab -u www-data -e`.