Kampuni ya dawa ya meno inayoyumba: pigeni hesabu ya mwenye hisa kabla ya kumsubiri mnunuzi

Mwongozo huu ni wa vikundi vya uwekezaji vya Kigoma Mjini na Ujiji vinavyofikiria kununua hisa za kampuni ya Marekani ya miswaki, dawa ya meno au vifaa vya kunyoosha meno, ambayo bei yake imeporomoka, kwa kutegemea kwamba kampuni kubwa itakuja kuinunua. Soko la Hisa la Dar es Salaam halina kampuni ya namna hiyo. Kwa hiyo anzeni kwa dalali mwenye leseni ya CMSA (mamlaka ya masoko ya mitaji nchini) na benki yenu, muulize kanuni za fedha za kigeni zinawaruhusu nini. Msipitie kwa mtu wa WhatsApp anayesema ana njia ya mkato.

Hatua ya 1: Tengeni fedha isiyo na kazi nyingine

Uuzaji wa kampuni unaweza kuchukua mwaka mzima, au usitokee kabisa. Kikundi chenye wanachama wanaotegemea dagaa na migebuka kinajua Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti 2024 mambo yalikuwa vipi. Fedha ya nyavu, mashine ya boti na ada za shule isiguswe. Kwa hisa za aina hii tunashauri kikomo cha asilimia 5 ya akiba ya kikundi, na kiandikwe kwenye muhtasari wa kikao kabla ya kununua. Bei ikishaanza kushuka, kila mtu atataka kuongeza "kidogo tu".

Hatua ya 2: Someni taarifa yenyewe, si habari zake

Tovuti ya EDGAR, kwenye sec.gov, ambako kampuni za soko la hisa la Marekani huweka taarifa zao, haina malipo na inafunguka hata kwa simu. Taarifa ya mwaka inaitwa 10-K, ya robo mwaka 10-Q. Ndani yake tafuteni maneno going concern. Yakiandikwa pamoja na substantial doubt, maana yake uongozi au mkaguzi ana shaka kubwa kama kampuni itaendelea kuwepo kwa mwaka mmoja ujao.

Kisha nendeni kwenye mtiririko wa fedha. Chukueni fedha iliyoteketea kwenye uendeshaji, ongezeni iliyonunulia mitambo, halafu gawanyeni taslimu iliyobaki kwa jumla hiyo: jibu ni muda ambao taslimu itatosha. Tumieni robo mbili, si moja. Robo moja inaweza kupendeza kwa sababu tu wauzaji wa malighafi hawajalipwa. Mtaliona hilo kwenye mizania, mstari wa madeni ya wauzaji ukiwa umevimba.

Hatua ya 3: Nani analipwa kabla yenu

Hapa ndipo wengi huumia, kwa hiyo msiharakishe. Tuchukue kampuni ya mfano: hisa milioni 50, bei dola 1, mauzo ya mwaka dola milioni 100, deni milioni 120, taslimu milioni 40. Inateketeza milioni 10 kila robo.

Mnunuzi anakubali kulipa milioni 110 kwa biashara yenyewe. Jumlisheni taslimu 40, toeni deni 120: wenye hisa wanabaki na milioni 30, yaani senti 60 kwa hisa. Ninyi mlinunua kwa dola 1. Kampuni imenunuliwa kweli, utabiri wenu umetimia, na bado mmepoteza senti 40.

Mazungumzo yakivuta miezi tisa, taslimu inashuka hadi milioni 10. Pigeni tena: 110 kujumlisha 10, kutoa 120. Sifuri. Mnunuzi mwenye subira analijua hilo, na ndiyo maana hana haraka.

Hatua ya 4: Je, kuna kitu cha kununua?

Church & Dwight, kampuni kubwa ya Marekani ya bidhaa za nyumbani, ilinunua Waterpik (vifaa vya kusafisha meno kwa maji) mwaka 2017 kwa takriban dola bilioni 1, na TheraBreath (dawa ya kusukutua) mwaka 2021 kwa dola milioni 580. Colgate ilichukua Hello, chapa ya dawa ya meno, mwaka 2020. Zote zilikuwa chapa zinazokua. Wakubwa hawa hawanunui ugonjwa. Wakiona kampuni inaugua wanaweza kusubiri mahakama ya ufilisi, wachukue jina na hataza (haki za uvumbuzi) bila madeni.

Angalieni faida ghafi. Colgate hubakiwa na karibu senti 60 katika kila dola ya mauzo baada ya gharama za uzalishaji. Kampuni yenu ikibakiwa na 50 lakini inapata hasara, tatizo huenda ni matangazo na ofisi, na mnunuzi anaweza kuvikata. Ikibakiwa na 30, tatizo limo ndani ya bidhaa yenyewe.

Tazameni pia nani haruhusiwi kununua. Procter & Gamble ilipoichukua Gillette mwaka 2005, pamoja na Oral-B, mamlaka ya ushindani ya Marekani ililazimisha chapa ya miswaki ya betri ya SpinBrush iuzwe. Tajiri mnayemtegemea anaweza kuwa ndiye atakayezuiwa.

Hatua ya 5: Hesabuni kura

SmileDirectClub, kampuni ya Marekani ya vifaa vya kunyoosha meno, iliingia sokoni Septemba 2019 kwa dola 23 kwa hisa. Waanzilishi walikuwa na hisa zenye kura 10 kila moja, hivyo hakuna aliyeweza kuichukua bila ridhaa yao. Septemba 2023 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai ikiwa na deni la karibu dola milioni 900. Desemba ikafunga milango, mnunuzi hakupatikana.

Hatua ya 6: Ofa ikija

Tuseme ofa ni dola 1.50 na sokoni hisa inauzwa 1.42. Senti 8 hizo ni bei ya hatari kwamba dili litavunjika. Likivunjika na hisa ikarudi 0.80, mtapoteza senti 62 kwa kufukuzia 8. Sisi tungeuza. Kabla ya kugawana, toeni ada ya dalali na tofauti ya kubadilisha dola, kisha mweka hazina asome kiasi kwa shilingi mbele ya wanachama wote.