Joto la Arizona si la Dar: kabla hujapanda mlima au kupiga kambi kiangazi hiki

Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa akihamia Phoenix, haichukui wiki kabla hajawaambia wenyeji kwamba joto halimtishi. Joto la pwani analijua kweli: shati linalowa, jasho linatiririka mgongoni, mwili wenyewe unadai kivuli. Arizona hewa ni kavu kiasi kwamba jasho linapotea kabla hujaliona. Unatembea saa nzima ukijiona mkavu, kumbe umeshapoteza lita ya maji, na ushahidi pekee ni chumvi nyeupe iliyoganda kwenye kola. Ndiyo maana nasema usisubiri mwili ukuambie. Panga safari kwa saa, kwa mwinuko na kwa maji, hata kama unajisikia mzima kabisa.

Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo joto likigonga nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi, yaani 110 kwa kipimo chao cha Farenhaiti. Mwaka huohuo Kaunti ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Siku za tahadhari ya joto kali, jiji hufunga njia za kupanda milima ya Camelback na Piestewa Peak tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ukikuta geti limefungwa, usitafute pa kupenya. Geuza gari, nenda mlimani kwenye baridi.

Na hapo ndipo penye siri ya kiangazi cha Arizona: usilale bondeni, panda. Phoenix iko mita 330 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai mara nyingi haushuki chini ya nyuzi 30. Ndani ya hema hapo hutalala, utaiva. Flagstaff iko kwenye mita 2,100, mwendo wa saa mbili tu kwa gari, na mchana wake wa Julai ni nyuzi 27 au 28. Wa Tucson wana Mount Lemmon, zaidi ya saa moja kidogo kutoka mjini, ambako misonobari inakufanya usahau mimea ya miiba ya jangwa la chini. Ukingo wa Mogollon, juu ya Payson, una maziwa na vivuli, na familia nyingi za kwetu huenda huko kuchoma nyama. Tatizo ni kwamba watu wanatoka Phoenix na kaptula na kandambili, halafu usiku joto linashuka hadi nyuzi 10. Beba sweta, soksi na begi zito la kulalia, hasa kwa watoto.

Neno kwa waandaaji wa safari za kijumuiya. Wenzetu wengi wa Tucson na Phoenix wametokea Kongo na Burundi kupitia Nyarugusu au Kakuma. Mama aliyeishi miaka chini ya turubai la wakimbizi huenda asione raha yoyote kulala kwenye hema kwa hiari, na hana haja ya kujieleza. Kodi kibanda kimoja cha mbao karibu na kambi, anayetaka alale humo.

Sasa Grand Canyon, lile korongo kubwa, maana kila mgeni atakayekuja kukutembelea atataka kupelekwa. Aliyepanda Kilimanjaro anajua mpangilio wa mlima: unapanda ukiwa na nguvu, unashuka umechoka, na wapagazi wamebeba mzigo. Korongo limegeuza kila kitu. Unaanzia juu, ukingo wa kusini, mita 2,100, kwenye kaupepo. Kushuka ni raha, kila mtu anapiga picha. Ila kila mita 300 unazoshuka zinaongeza joto kama nyuzi 3, kwa hiyo kukiwa na 28 ukingoni, chini kabisa, kwenye Mto Colorado, kuna 42, na siku mbaya hufika 49 kivulini. Halafu kupanda ndiko kunakobaki, umechoka, jua la mchana limekukalia utosini, na hakuna wa kukubebea begi. Askari wa hifadhi wanawaambia watu kila siku wasijaribu kufika mtoni na kurudi siku moja. Wasikilize.

Kwa kiangazi mimi ningechagua njia ya Bright Angel hadi kibanda cha kwanza cha mapumziko, maili moja na nusu kushuka, kisha kurudi. Kuondoka ni saa kumi na moja alfajiri, na ifikapo saa nne asubuhi uwe umeshatoka ndani ya korongo. Kuanzia saa nne hadi saa kumi jioni hakuna mtu wa kutembea humo. Njia ya South Kaibab ni nzuri zaidi kwa macho, lakini haina maji wala kivuli. Bright Angel ina bomba msimu wa kiangazi, ila mtandao wa maji wa korongo ni wa miaka ya 1960 na hupasuka mara kwa mara, kwa hiyo uliza asubuhi hiyohiyo na ubebe ya kwako vilevile.

Maji ni nusu lita hadi lita moja kwa kila saa ya kutembea. Usizidishe sana, kwa sababu kuna wanaougua kwa upande wa pili: wanakunywa maji matupu mpaka chumvi mwilini inapungua, wanatapika, wanachanganyikiwa. Kula kila unapokunywa. Vitu vyetu vinafaa kuliko hizo baa za chokoleti zinazoyeyuka begini: karanga za chumvi, ubuyu, krispi za muhogo, maembe makavu, chapati. Wali wa jana uache nyumbani, joto litauchachua. Maji ya chumvi na sukari unaweza kutengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visawazishwe. Kamulia ndimu kama unapenda. Garini weka galoni moja kwa kila mtu kwa kila siku, bila kuhesabu deli la barafu, maana gari likikuzimikia barabara za huko unaweza kusubiri sana.

Kuhusu nguo, chukua kanga. Sisemi kwa kujivunia mila. Kwenye hewa kavu kitambaa cha pamba kilicholowa kinapoza mwili kuliko feni, na hata askari wa korongo wanawashauri watu waloweshe mashati. Ichovye, ijifunge shingoni na kichwani, ilowanishe tena ikikauka. Kwenye baridi ya usiku ni kinyume, pamba iliyolowa itakugandisha, kwa hiyo weka nguo kavu ya kubadilisha. Kofia pana, mikono mirefu, na losheni ya jua pia. Weusi haukuzuii kuungua.

Hili nalikazia: jua kama una chembe ya selimundu. Wengi wetu tunabeba jeni moja ya ugonjwa huo bila kuumwa maisha yote, na nyumbani hatukuwahi kupimwa. Mazoezi mazito kwenye joto, tena kwenye mwinuko, yanaweza kumwangusha ghafla mtu wa namna hiyo. Muulize daktari wako kabla ya safari, na umuulize pia kuhusu dawa za presha, hasa zile za kukojoza, kwani zinapunguza maji mwilini.

Mwenzako akianza kuumwa kichwa, kichefuchefu au misuli kukaza, mkalishe kivulini, mlowanishe, mpe maji na chumvi, na safari iishie hapo. Akianza kupepesuka, kuongea ovyo au kutokujua yuko wapi, ni kiharusi cha joto. Panadol haisaidii kitu hapo. Piga 911, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, weka barafu shingoni na kwapani, mpepee bila kuacha. Usimlazimishe kunywa. Kiingereza kikikukwama, sema "Swahili", vituo vingi vinaweza kukuunganisha na mkalimani kwa simu. Mtandao ukikosekana, iPhone kuanzia toleo la 14 zinaweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti. Lakini kwanza kabisa mwachie mtu nyumbani njia unayopita na saa utakayorudi.

Kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba ni msimu wa mvua za radi. Usipige hema kwenye korongo kavu hata mchanga ukionekana mtamu vipi. Agosti 1997 watalii 11 walikufa Antelope Canyon kwa mafuriko yaliyotokana na mvua iliyonyesha mbali na pale walipokuwa. Ngurumo zikianza mchana, shuka kileleni. Viatu vikung'ute asubuhi kabla ya kuvaa, nge wanavipenda, na usiku tembea na tochi, kwa sababu nyoka wa kiangazi wanatoka jua likizama.

Viwanja vya kupiga kambi vya Mather, ndani ya hifadhi ya Grand Canyon, huanza kukodishwa miezi sita kabla kupitia Recreation.gov, na vya Julai huisha upesi. Ukivikosa, misitu ya taifa ya Kaibab na Coconino inaruhusu kulala bure hadi siku 14 sehemu nyingi, ila hakuna choo wala bomba, kwa hiyo beba jembe dogo na maji yote. Moto ni suala jingine. Kuna wiki ambazo hata mkaa wa nyama choma ni marufuku na faini ni kubwa. Julai 2025 moto ulioanzishwa na radi uliteketeza hoteli kongwe ya ukingo wa kaskazini, na watu wa huko hawana mzaha. Beba jiko la gesi lenye swichi ya kuzimia, na asubuhi ya kuondoka pigia ofisi ya msitu unaokwenda uulize kama hata hilo linaruhusiwa.