Ngumi ya kulia ni 2, chini nako ni 2: namna ya kusoma mapigo ya gemu za ngumi

Kibandani kwetu Mabatini, kibanda cha gemu, mapigo tumeyabatiza wenyewe, kuna winchi, kuna fagio, kuna mtumbwi umezama, na tunaelewana fresh tu. Shida siku unaingia YouTube kutafuta kombo, yaani mapigo ya mfululizo, unakutana na df+2, mara 236, unatoa macho kama dagaa kwenye kichanja. Mi mwanzo nilijua ni chiti za gemu.

Anza na Tekken. Namba pale ni kiungo cha mwili: 1 ngumi ya kushoto, 2 ngumi ya kulia, 3 teke la kushoto, 4 teke la kulia. Kwenye pedi ya PlayStation ni mraba, pembetatu, eksi, duara, kwa mpangilio huohuo, ila we shika mikono na miguu maana pedi zetu hizi alama zilishafutika zamani. Af herufi: f mbele, b nyuma, d chini, u juu. Mbele ni kule aliko mpinzani, kwa hiyo mkipishana upande na f inageuka, hapa ndo wengi wanapotea. Alama ya kujumlisha ni pamoja, koma ni kimoja halafu kingine. Kwa hiyo df+2 ni mshazari wa chini-mbele pamoja na ngumi ya kulia, mchukue mpiganaji Paul uijaribu, ndo winchi yenyewe, jamaa ananyanyuliwa mzima mzima.

Sasa ukihamia Street Fighter usibebe namba za Tekken, utaumia. Huku namba ni uelekeo. Fungua kikokotoo cha simu, sio pale pa kupigia maana pale 1 iko juu, weka kidole kwenye 5, hapo hujagusa kitu, 2 chini, 6 mbele, 8 juu. Pitisha kidole 2, 3, 6, umepata robo duara, malizia na ngumi, mpiganaji Ryu anatoa Hadouken, ule mpira wa nguvu. 623 na ngumi ni Shoryuken, ile ngumi ya kuruka nayo juu. Ukiwa upande wa pili 6 bado ni kwa mpinzani.

Fremu nazo, yaani zile picha moja moja zinazounda mwendo wa gemu, zisikutishe, sekunde moja ina 60. Kwenye Tekken ile 1 ya kawaida kwa wengi inachukua fremu 10 mpaka ifike, so ukizuia pigo la mtu akabaki na -10, yaani yuko nyuma yako kwa fremu 10, we achia 1 fasta, hawezi kuizuia. Namba zingine utazijua mbele ya safari.

Mazoezi nendeni asubuhi kibanda kikiwa kitupu, muombeni mwenye kibanda awawashie praktisi, ile sehemu ya mazoezi ndani ya gemu, mmoja anasoma kwenye daftari mwingine anapiga, akikosea anaachia pedi. Mi wiki mbili zilinitosha. Ila kuna dogo pale anacheza na Eddy wa Tekken, anabonyeza 3 na 4 ovyo ovyo, herufi hajui hata moja, na mpaka leo ananitoa.